Kabla Jeshi halijanunua darasa la mtandaoni, liulize Ruvu

Kila mwaka, mtihani wa kidato cha sita ukishapita, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) hutoa tangazo ambalo wazazi wa Tanzania wamelizoea kama walivyozoea matokeo yenyewe. Majina hupangwa kwa shule na kwa kambi, kisha hufuata orodha ya vitu vya kubeba: bukta ya bluu iliyokoza, fulana ya kijani, raba, shuka mbili, soksi nyeusi, nguo za kuzuia baridi kwa wanaokwenda mikoa ya baridi, vyeti na nauli. Watu husoma jina la mtoto, husoma jina la kambi, hukimbilia sokoni. Kuna mstari mmoja ambao wengi huuruka. Unasema wahitimu wenye ulemavu wa mwili unaoonekana waripoti kambi ya Ruvu, Mlandizi, mkoani Pwani, kwa kuwa kambi hiyo ina miundombinu ya kuwahudumia. Mstari huo mfupi una busara ya ununuzi kuliko hadidu za rejea nyingi zenye kurasa mia. Aliyeuandika aliuliza kwanza ni nani anakuja, ndipo akauliza aende wapi. Mifumo mikubwa ya kompyuta mara nyingi hununuliwa kinyume chake: huchaguliwa mfumo, halafu watu ndio wanaolazimishwa kuufaa.

Mfumo ninaouzungumzia ni ule wa kusimamia mafunzo kwa kompyuta: programu inayotunza masomo, inayosajili wanafunzi, inayotoa majaribio na kuyasahihisha, na inayoweka kumbukumbu ya nani amefuzu nini, lini, na chini ya mkufunzi gani. Vyuo vikuu vyetu vinao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na mifumo ya kulipia leseni kabla ya kuhamia Moodle, programu huria iliyoanzia Australia mwaka 2002. Taasisi ya Elimu Tanzania inao kwa ajili ya walimu walioko kazini, chini ya mpango wa MEWAKA. Majeshi ya mataifa makubwa yamekuwa nao kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa hiyo siku Jeshi la Wananchi (JWTZ) au JKT wakitangaza zabuni ya mfumo mmoja kwa jeshi zima haitakuwa ajabu, wala sioni sababu ya kuwapinga. Ninachopinga ni zabuni iliyonakiliwa kutoka kwenye kipeperushi cha muuzaji. Hadidu za rejea za kazi hii ziandikwe kutoka kwenye darasa la kambi ya Ruvu wilayani Kibaha na kutoka vijiji vya Kisarawe anakotoka kijana anayeripoti, na kitakachonunuliwa kiwe ufundi na umiliki. Leseni za kuhesabu vichwa tuziache kwa makampuni yenye wafanyakazi wasiohama.

Jambo hili si anasa. Tarehe 7 Desemba 2017, katika kambi ya Semuliki huko Kivu Kaskazini, askari 15 wa Tanzania waliokuwa wakilinda amani walipoteza maisha. Uchunguzi maalumu wa Umoja wa Mataifa, ambao matokeo yake yalitangazwa Machi 2018, ulitaja kasoro nyingi: amri na uongozi, uhaba wa ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi, na kukosekana kwa mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea wenzao msaada na kuwatoa. Ulitaja pia mapengo katika mafunzo ya vikosi vya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani nchini Kongo. Hakuna programu ya kompyuta ambayo ingeuzuia usiku ule, na anayedai hivyo anawakosea heshima marehemu. Lakini pengo la mafunzo lina tabia ya kujificha. Ukosefu wa ndege unaonekana uwanjani; ukosefu wa somo hauonekani kwa macho. Kikosi kikiundwa kwa kuchota watu kutoka kambi mbalimbali, na kumbukumbu za mafunzo yao zikabaki katika majalada ya kila kambi, mkuu wa kikosi hawezi kujua kwa siku moja ni askari wangapi waliopitia somo fulani ndani ya miezi kumi na minane iliyopita. Umoja wa Mataifa huzitaka nchi zithibitishe kwamba askari wao wamefunzwa kabla ya kuondoka. Uthibitisho una nguvu sawa na kumbukumbu iliyo nyuma yake. Ndiyo maana, katika mfumo wa namna hii, video na picha zinazong'aa ni mapambo. Kiini chake ni daftari la nani anajua nini.

Kuna sababu ya pili, na hii inatoka kwa wenye majeshi tajiri kuliko letu. Mei 2021 watafiti wa Bellingcat walionyesha kwamba askari wa Marekani walioko Ulaya, waliotakiwa kukariri taratibu ndefu za kulinda silaha za nyuklia, walikuwa wakitengeneza kadi za kujikumbusha kwenye programu za bure za wanafunzi mtandaoni. Kadi hizo hazikufungwa. Yeyote aliyetafuta maneno sahihi angeweza kusoma mahali, taratibu na hata maneno ya siri ya kupeana ishara. Miaka mitatu nyuma yake, Januari 2018, ramani ya programu ya mazoezi ya Strava ilichora njia za askari waliokimbia asubuhi kuzunguka kambi zao, na kambi ambazo hazikuwa kwenye ramani zikajichora zenyewe. Askari hao hawakuwa wasaliti. Walikuwa wanafunzi wenye bidii waliokosa chombo rasmi kinachofaa, wakajitafutia. Nasi tunaijua tabia hiyo: taasisi isipotoa njia, kazi huhamia kwenye kundi la WhatsApp. Kwa hiyo kukaa bila mfumo nako kuna hatari yake, na anayesema jeshi liendelee na kalamu na karatasi kwa ajili ya usalama anasahau kwamba karatasi siku hizi hupigwa picha.

Hapo ndipo muuzaji huingia na bei yake, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Mifumo mingi ya kibiashara huuzwa kwa kichwa kwa mwaka. Benki yenye wafanyakazi 3,000 wanaokaa miaka kumi inaweza kuishi na bei hiyo. JKT haifanani na benki. Tangu lilipoanzishwa tarehe 10 Julai 1963 limekuwa mahali pa kupita: vijana huingia, hufunzwa, huondoka. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013, na tangu hapo makumi ya maelfu ya wahitimu wa kidato cha sita huitwa kambini kwa miezi mitatu hivi, tofauti na wale wa kujitolea wanaokaa miaka miwili. Tuchukue mfano wa kubuni, kwa ajili ya hesabu tu. Mzabuni ataje dola 8 kwa kichwa kwa mwaka, na vijana wawe 50,000. Hiyo ni dola 400,000. Baada ya miezi mitatu vijana wamerudi makwao, wengine wako vyuoni, na leseni zao bado zina miezi tisa ya kuishi bila mtu. Mwaka unaofuata wanakuja wengine 50,000 na majina mapya, na yale majina ya zamani hayafutiki, kwa sababu tumesema kiini cha mfumo ni kumbukumbu. Ukiifuta kumbukumbu umepoteza ulichonunua. Ukiitunza, kuna mikataba itakayokutoza kwa kuitunza. Muuzaji hajakuibia. Amekuuzia nguo iliyoshonwa kwa umbo la mtu mwingine.

Kinachofuata ni mtandao, na hapa Kibaha na Kisarawe zinafundisha zaidi ya ripoti yoyote. Ni wilaya mbili zinazopakana na Dar es Salaam, na mtu aliyeko ofisini angedhani kwamba zimemaliza matatizo ya mawasiliano. Ukipita barabara kuu ya Morogoro hadi Mlandizi utaamini hivyo. Lakini Kisarawe si mji wa Kisarawe peke yake. Kutoka vilima vya Pugu wilaya hiyo inateremka kusini hadi Maneromango, Marumbo na Vikumburu, na huko ishara ya simu huja na kuondoka kufuatana na kilima ulichosimama. Mei 2023 Serikali ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini nchi nzima; mikataba ya ukubwa huo ni kukiri kwamba mapengo yalikuwapo. Mkongo wa Taifa umepita, ndiyo, lakini mkongo ni barabara kuu, na wanafunzi hawakai barabarani.

Juu ya hayo, kambi ina desturi yake. Kuruta hakai na simu mfukoni, na ni sawa asikae nayo. Basi sifa ambayo wauzaji wa leo huitanguliza kuliko zote, kwamba mfumo wao umebuniwa kwa ajili ya simu janja kwanza, kambini haina kazi. Kambi inahitaji chumba chenye kompyuta za kushirikiana, seva ndogo iliyo palepale kambini, na mfumo unaokubali kufanya kazi siku nzima bila intaneti kisha ukajisawazisha wenyewe na makao makuu mtandao ukirudi. Hili si ndoto. Masomo yanayonakiliwa kwenye seva ya mahali na kusomwa bila intaneti yamekwisha kutumika katika mazingira magumu kuliko Mlandizi, zikiwamo kambi za wakimbizi za Kakuma nchini Kenya. Nje ya kambi hali inageuka. Kijana aliyemaliza Sekondari ya Minaki na yuko kwao Maneromango anasubiri tarehe ya kuripoti ana simu, ila ana bando la kuhesabu. Huyo anahitaji kurasa nyepesi za maandishi zinazomweleza nini abebe, nini aache, namna ya kuandaa mwili, na haki na wajibu wake, bila kumlazimisha kupakua kitu kizito. Mfumo mmoja uwe na nyuso mbili, basi. Na kabla malipo ya mwisho hayajafanyika, mzabuni aje Ruvu, intaneti izimwe, darasa la vijana 60 lifanye jaribio kwa saa nzima, mtandao uwashwe, na majibu yote 60 yaonekane makao makuu bila mtu kuyagusa. Siku ya pili apande hadi kijiji kimoja cha Kisarawe na simu ya bei ndogo afungue ukurasa uleule. Akishindwa, hajalipwa. Kipimo cha aina hiyo kinachukua aya moja ya mkataba na kinafaa kuliko vyeti vyote vya ubora atakavyoambatisha.

Na tusiisahau ile sababu ya Ruvu kutajwa kwenye tangazo. Kama kambi hiyo ndiyo inayopokea vijana wenye ulemavu, basi mfumo unaojaribiwa hapo utakutana mapema na maswali ambayo kwingine huulizwa mwishoni au hayaulizwi kabisa: kijana asiyeona vizuri atasomaje jaribio lililoandikwa ndani ya picha? Asiyesikia atapataje somo la video lisilo na maandishi? Asiye na vidole vya kutosha atabofyaje vitufe vidogo vilivyobanana? Ukijenga ngazi kwanza, kuongeza njia ya kiti cha magurudumu baadaye ni kubomoa ukuta. Katika programu ni vivyo hivyo. Ningeiweka Ruvu kuwa kambi ya majaribio kwa sababu hiyo hata kama ingekuwa mbali, na haiko mbali.

Badala ya leseni za kichwa, basi, ninapendekeza programu huria kama Moodle. Hapa msomaji wa Kibaha atanikatiza: unatuambia tutumie programu huria, tuijenge na kuitunza wenyewe, umesahau Nyumbu? Hoja hiyo ina uzito. Shirika la Nyumbu, lililoko Kibaha chini ya Wizara ya Ulinzi na JKT, liliundwa miaka ya 1980 kwa nia ya kulifanya taifa lijitengenezee magari yake. Lori lililobeba jina hilo lilitengenezwa, likatembea, na halikufika kuzalishwa kwa wingi. Wapo wanaolitaja kila mara neno kujitegemea linapotajwa, kama fimbo ya kunyamazisha. Lakini tuangalie kilichokwamisha. Kutengeneza gari kunataka chuma, kalibu, mashine za kukereza, mtaji wa miaka mingi na soko la kununua maelfu ya magari ili bei ya moja ishuke. Kila gari la pili linakula chuma kama la kwanza. Programu haina tabia hiyo: nakala ya pili haigharimu chuma, na kwa Moodle na wenzake injini imekwisha kutengenezwa na inatunzwa na maelfu ya watu duniani. Kazi inayobaki ni kufunga bodi, kutia rangi, kufundisha madereva na kuwa na gereji. Hiyo ni kazi ambayo mafundi wetu wanaiweza, na vyuo vikuu vyetu vimeifanya kwa miaka. NATO yenyewe, ambayo haikosi fedha ya leseni, imeendesha mafunzo yake ya mtandaoni juu ya ILIAS, programu huria iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani. Wao hawakuona aibu.

Ila nisieleweke kwamba cha huria ni cha bure. Wanaouza leseni wana haki wanaposema kwamba programu isiyolipiwa leseni huficha gharama zake kwa watu. Inahitaji wasimamizi wa seva wanaojua kuziba matundu ya usalama siku yanapotangazwa, si mwezi unaofuata. Inahitaji wahariri wa masomo. Inahitaji mtu wa kupokea simu saa nne usiku kambi ya Kigoma ikikwama. Jeshi likipakua programu na kuikabidhi kwa afisa mmoja mwenye kipaji, siku afisa huyo akihamishwa mfumo unakufa. Hilo ndilo kosa la kweli la kuogopa. Tiba yake ni kuzipeleka zile dola 400,000 za mfano wetu kwenye mishahara, mafunzo na mkataba wa matunzo na kampuni za ndani. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, inaweka upendeleo kwa kampuni za wazawa na inatenga sehemu ya ununuzi kwa makundi maalumu, vijana na watu wenye ulemavu wakiwamo. Sijui mahali pengine ambapo vifungu hivyo vingepata kazi ya maana zaidi ya hapa, kwa mfumo unaowahudumia vijana na watu wenye ulemavu.

Kibaha ina somo jingine, la zamani kidogo, na hili halitajwi katika mijadala ya teknolojia. Mwaka 1963, mwaka uleule wa JKT, Tanganyika na nchi za Nodiki, Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilianzisha mradi mkubwa pale Tumbi: shule ya sekondari, kituo cha afya, mafunzo ya wakulima. Wageni walijenga na kufundisha, na mwaka 1970 wakakabidhi. Shirika la Elimu Kibaha lipo hadi leo, na Sekondari ya Kibaha bado ni jina linalotajwa matokeo ya mitihani yakitoka. Mtu anaweza kuulaumu mradi ule kwa mengi, lakini nia ya kukabidhi ilikuwa moyoni mwake. Wageni walikuja wakijua kwamba wenyeji watawarithi. Mikataba mingi ya mifumo ya kompyuta haina Tumbi ndani yake: ina tarehe ya kuanza, ina tarehe ya kulipa, na haina siku ambayo muuzaji atatoka akabidhi funguo. Matokeo yake ni kwamba taasisi ikitaka kuhama, inagundua kuwa masomo yake yamefungwa katika muundo ambao programu nyingine haiwezi kuusoma.

Wenzetu walilipa ada ya somo hilo. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianzisha mwaka 1997 mpango wa mafunzo ya kielektroniki baada ya kuona kwamba kozi iliyotengenezwa kwa mfumo mmoja haikuweza kutumika kwenye mfumo mwingine, na kila tawi la jeshi likawa linalipia upya somo lilelile. Kutokana na mpango huo kikatoka, mwaka 2000, kiwango kinachoitwa SCORM: namna ya kulifungasha somo ili mfumo wowote unaofuata kiwango hicho uweze kulifungua. Kiwango hicho sasa ni kizee, na kipo kipya kinachoitwa xAPI kinachoweza kuweka kumbukumbu hata ya mafunzo yanayofanyika nje ya kompyuta, lakini wazo halijazeeka. Hadidu za rejea ziseme kwamba kila somo litakalotengenezwa kwa fedha ya jeshi ni mali ya jeshi, limefungashwa kwa kiwango cha wazi, na kwamba kabla ya mkataba kufika nusu, mzabuni atahamisha masomo matatu kwenda mfumo mwingine mbele ya mashahidi. Asiyekubali kifungu hicho ametuambia mapema nia yake.

Pingamizi ambalo maafisa hulitanguliza ni usiri: jambo la jeshi halitangazwi. Sikubaliani na namna linavyotumiwa. Sheria ya ununuzi ya mwaka 2011 iliviagiza vyombo vya ulinzi na usalama viendeshe ununuzi wao kwa orodha mbili, moja ya vitu vya wazi na nyingine ya vitu vyenye mipaka. Wazo hilo lilikuwa zuri, kwa sababu lilikubali kwamba si kila kinachoingia lango la kambi ni siri. Viatu si siri. Mchele si siri. Na programu ya kusajili wanafunzi na kusahihisha majaribio, ambayo inatumiwa na shule za msingi duniani, si siri pia. Kilicho siri ni baadhi ya masomo yatakayowekwa ndani yake na baadhi ya majina. Basi vitenganishwe. Zabuni ya chombo ipite NeST, mfumo wa taifa wa ununuzi uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, wazi, kwa ushindani; masomo ya mujibu wa sheria, yaani uzalendo, umoja wa kitaifa, stadi za kazi na za maisha, yakae kwenye seva ya kawaida; masomo ya medani yakae kwenye mtandao wa ndani usioungana na nje. Siri ikitandazwa juu ya kila kitu, kitu cha kwanza kuifaidi ni bei. Na kuna jambo ambalo usiri hauliondoi: vijana hawa ni raia, wengi wana miaka 18 au 19, na kumbukumbu zao za afya, alama na nidhamu zitakaa humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatoa nafuu kwa masuala ya usalama wa taifa, lakini alama ya mtihani wa stadi za maisha ya binti wa Kisarawe si suala la usalama wa taifa, na haina sababu ya kulala kwenye seva ya kampuni ya bara jingine.

Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwa sheria ya mwaka 2019, ina wajibu wa kuhakikisha mifumo ya umma haijengwi kila mmoja kisiwani kwake. Wimbo wa miaka hii serikalini ni mifumo isomane, na kwa JKT maana yake ni rahisi: majina yatoke Baraza la Mitihani moja kwa moja, kijana asiandikwe upya kambini na karani anayekosea herufi ya jina la babu yake. Sina la kuongeza hapo.

Limebaki pingamizi la wakufunzi wenyewe, nalo ndilo ninaloliheshimu zaidi. Watasema kwata haifundishwi kwenye kioo. Mguu sawa, nyuma geuka, mbele tembea: hayo huingia kwa jasho na sauti ya mkufunzi, na ni kweli. Lakini siku ya kambi haina kwata peke yake. Ina darasa, na darasani mkufunzi mmoja hurudia somo lilelile kwa kombania moja baada ya nyingine hadi sauti inakauka. VETA na Airtel walijaribu mwaka 2016 mpango wa VSOMO: nadharia kwenye simu, kisha mwanafunzi aende karakana kwa vitendo. Mgawanyo huo unafaa kambini pia. Nadharia ya huduma ya kwanza, usomaji wa ramani, sheria za vita na usalama wa silaha isomwe kwenye kompyuta na ipimwe. Saa zilizookolewa zirudi uwanjani, kwa mkufunzi, kwenye vitendo. Iwapo mfumo utaongeza kazi ya mkufunzi badala ya kuipunguza, kwa kumtaka ajaze fomu za kielektroniki baada ya kumaliza zile za karatasi, ataukwepa kwa ustadi uleule ambao amejifunza jeshini, na atakuwa na haki. Ndiyo maana wakufunzi wawe mezani siku ya kwanza, wakiwa na kura katika kuchagua. Na mfumo uzungumze Kiswahili, menyu na maelekezo yote, kwa sababu amri za kwata ni za Kiswahili na hakuna sababu kitufe cha kukabidhi jaribio kiwe cha Kiingereza. Baraza la Kiswahili, BAKITA, lipo kusaidia.

Makao makuu ya JKT yako Chamwino, na wizara yake iko Dodoma. Huko ndiko rasimu ya zabuni ya namna hii itakakoandikwa. Reli ya kisasa inayoshuka kutoka huko ina stesheni Ruvu na Soga, zote karibu na Mlandizi, na treni zimekuwa zikipita tangu mwaka 2024. Wenye kalamu waje na rasimu ikiwa bado ni karatasi tupu, wakae nyuma ya darasa kwa wiki moja, kisha waende Maneromango. Muuzaji atasubiri.